Harusi ya Kigujarati kabla ya siku ya ndoa: manjano, mjomba, hina na matusi ya kuimba (nilikaa nao siku sita Rajkot)

#1 MwanaChumbageni

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kuna mtu aliweka humu video ya bibi harusi wa Kihindi kapakwa manjano toka usoni mpaka vidole vya miguu. Wachangiaji wakashuka: huyu anasema uchawi, yule anasema anatolewa mikosi, mwingine akasema wanamkoleza viungo kabla ya kumkaanga. Huyo wa mwisho alinifanya nimwage chai. Ila nikaona niandike kidogo, maana hayo mambo niliyaona kwa macho yangu.

Nimesoma famasia Rajkot, jimbo la Gujarat. Januari 2019 rafiki yangu tuliyelala naye chumba kimoja hosteli aliolewa. Nitamwita Hetal, siyo jina lake. Nilikaa kwao siku sita. Nililala na shangazi zake kwenye magodoro yaliyotandikwa sebuleni, nikatumwa jikoni kama mtoto wa nyumba. Kwa hiyo ninachoeleza ni cha Wahindu wa Gujarat, upande wa Saurashtra. India ni kubwa. Mpunjabi ana yake, Mbengali ana yake, Mtamil ndiyo kabisa.

Nilifika pale na maswali ya kitalii: hii maana yake nini, ile maana yake nini. Nikawa najibiwa "baraka". Nazi? Baraka. Mchele? Baraka. Jani la mwembe mlangoni? Baraka. Siku ya pili mama mdogo wake Hetal akanichoka. Akaniambia, wewe mtoto, usiulize kitu hiki kina maana gani, uliza hii ni kazi ya nani. Basi nikabadilisha swali, na mambo yakaanza kufunguka.

Naandika kwa simu, nitakwenda kidogo kidogo.

#2 Kigoda cha Mbele

Nimeshakaa. Usije ukaupotezea huu uzi kama wenzako.

#3 MwanaChumbageni

Kwanza ukoo wao, maana bila hapo mtapotea kama nilivyopotea mimi.

Kwa Kigujarati, *mama* ni mjomba. *Kaka* ni baba mdogo. *Dada* ni babu mzaa baba. Na bibi mzaa mama anaitwa *nani*.

Sasa fikiria mimi nimetoka Tanga, nimeingia sebuleni, naoneshwa mzee mwenye masharubu naambiwa huyu mama. Yule pale mwenye kitambi, kaka. Babu kizee kwenye kiti cha kamba, dada. Nikamwonesha kidole bibi mmoja mwembamba nikamuuliza Hetal kwa Kiswahili, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha maneno mawili matatu: huyu nani? Akanijibu, ndiyo, huyu nani.

Ilibidi nikae chini.

#4 Fundi Saa

😂😂😂 Dada ni babu! Hapo ningerudi uwanja wa ndege.

#5 MwanaChumbageni

Tuendelee. Harusi haianzi na nguo, inaanza na kalenda. Kuna miezi minne ya mvua ambayo wanaamini mungu wao Vishnu amelala, hakuna ndoa mpaka aamke, na hiyo inaangukia Oktoba au Novemba. Halafu kuna kipindi wanakiita *kamurta*, kuanzia katikati ya Desemba mpaka sikukuu ya kurusha tiara, tarehe 14 Januari. Hapo napo hakuna ndoa. Ndiyo maana nusu ya pili ya Januari kila ukumbi umejaa, bei ya maua inapanda, na mpiga picha anakujibu kwa maringo. Harusi ya Hetal ilikuwa wiki ya mwisho ya mwezi huo.

Kabla ya hapo nyota za wawili zinalinganishwa. Mnajimu anahesabu alama, jumla 36. Ukipata chini ya 18 watu wanaanza kukohoa. Hetal na mwenzake walipata 22, na mama yake akazitangaza kama matokeo ya kidato cha nne. Na kuna watu wenye kasoro ya Mars kwenye nyota zao. Huyo anaweza kuozeshwa kwanza mgomba au chungu cha udongo ili mkosi uishie hapo, ndipo aolewe na binadamu. Nilidhani ni hadithi mpaka nilipokutana na binti aliyekuwa "mjane wa mgomba". Anasimulia mwenyewe huku anacheka.

Uchumba wenyewe unaitwa *gol dhana*. Gol ni sukari guru. Dhana ni dania, zile mbegu. Wanachanganya, wanagawia watu wote waliopo kiganjani, mnakula, yameisha: mmeshuhudia, hamuwezi kusema hamkujua. Na sikieni hayo maneno. Hilo "guru" letu na hiyo "dania" yetu vimevuka bahari kutoka hukohuko. Hata laki na pesa.

Baada ya hapo wanawake watano wenye waume hai wanatoka kwa bwana harusi wakileta mtungi wa peremende na zawadi kwa bibi harusi. Wanaume wa upande wa bibi harusi nao wanakwenda kumtia bwana harusi alama nyekundu kwenye paji la uso. Inakwenda haraka, nusu ya muda ni chai.

Kadi za mwaliko zinaitwa *kankotri*, kutokana na *kanku*, ule unga mwekundu unaonyunyizwa juu yake. Kadi ya kwanza hapewi binadamu, anapewa Ganesh, yule mungu wao mwenye kichwa cha tembo, anayeondoa vikwazo. Kuna hekalu lake ndani ya ngome ya Ranthambore kule Rajasthan, watu hutuma kadi kwa posta toka pande zote za India. Posta inampelekea mungu barua. Sisi huku mwaliko wa mjomba unapotelea kwa bodaboda.

#6 Mjukuu wa Kisauni

Mie wa Mombasa. Hao majirani zetu bahasha ya harusi lazima iwe na shilingi moja ya ziada. Siyo mia tano, mia tano na moja. Kwa nini?

#7 MwanaChumbageni

Ni hivyohivyo kule, 101, 501, 1,001. Bahasha zinauzwa zikiwa zimegandishwa sarafu ya rupia moja kabisa. Maelezo niliyopewa ni kwamba namba inayoishia na sifuri imefunga hesabu, na 501 huwezi kuigawa nusu kwa nusu. Wanaoana hawataki kugawanyika na wewe hutaki kufunga mlango.

#8 MwanaChumbageni

Sasa manjano, maana ndiyo yaliyoanzisha ubishi.

Wagujarati wanaita *pithi*, sehemu nyingine za kaskazini wanasema *haldi*. Asubuhi siku moja kabla ya harusi. Kabla ya hapo padre wao alishamweka Ganesh, akaziombea sayari tisa, na wakachimba kishimo kwenye bustani kupanda kijiti kidogo kilichopambwa, *manek stambh*, pamoja na popoo na sarafu. Yaani nguzo ya kwanza ya banda la harusi inapandwa kama mche.

Pithi inachanganywa hapohapo: manjano, unga wa dengu, msandali, maji ya waridi, mafuta kidogo. Wanawake wanne wanashika mchi mmoja kwa pamoja na kutwanga huku wanaimba. Ukiwatazama mikono unaona hakuna anayetwanga kwa nguvu, kila mmoja anamsikilizia mwenzake. Hetal kakaa kwenye kigoda kifupi cha mbao nyekundu, kavaa nguo ya zamani ya njano ambayo ilikuwa itupwe. Rajkot Januari asubuhi kuna baridi, msidhani India yote ni joto. Uji ule ulikuwa wa baridi kama wa jana. Kila mkono uliomgusa alikuwa anavuta pumzi kwa meno. Miguuni, magotini, mabegani, mashavuni. Kwa mpangilio huo, kutoka chini kwenda juu.

Kazi ya nani? Ya wanawake walioolewa na ambao waume zao wako hai. Tu.

Na hapa kuna jambo sikulipenda na nitalisema. Hetal ana shangazi, dada wa baba yake, kwao anaitwa *foi*. Foi ndiye anayempa mtoto jina. Ni haki yake, mtoto akizaliwa wanambembeza kwenye kitambaa na shangazi anamtamkia jina sikioni. Huyu foi ndiye aliyempa Hetal jina lake. Lakini alikuwa mjane, mwaka wa saba. Kwa hiyo alisimama mlangoni mwa jikoni na sinia ya vikombe, sari rangi ya majivu, anatazama. Hakuna aliyemfukuza, ieleweke. Yeye mwenyewe ndiye hakusogea.

Hetal akasema kitu kwa sauti ya kawaida tu. Nilielewa neno moja, foi. Nyimbo zikakatika. Bibi mmoja upande wa baba akajibu kwa ukali. Hetal akarudia, safari hii alikuwa ameshanyoosha mguu mbele, wa njano, kama mtu anayesubiri kuvishwa kiatu. Nadhani ilipita dakika nzima. Foi akaweka sinia chini, akaja, akachovya kidole kimoja cha kati, akamgusa kidole gumba cha mguu. Kisha akarudi jikoni, na nikasikia bomba la maji likifunguliwa.

Nyimbo zikaendelea. Hakuna aliyelizungumzia mpaka naondoka.

#9 Kigoda cha Mbele

Aisee.

#10 Bi Kirembo

Hilo la mjane limenigusa. Ila la kupakwa mbona ni singo yetu hii hii? Mimi Unguja niliolewa nikasuguliwa singo na somo wangu wiki nzima: liwa, manjano, waridi, nikafungiwa ndani nisionwe na jua. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na somo mmoja wa kunifunda, hao wanakuja ukoo mzima.

#11 MwanaChumbageni

@Bi Kirembo umenena. Na kufungiwa ni hivyohivyo: akishapakwa pithi hatoki nje ya geti, wanaogopa jicho la hasidi. Mimi kama mfamasia mtarajiwa nilikuwa na sababu ya ziada, manjano hayatoki kwenye ngozi upesi hivyo. Hetal alikuwa na kucha za njano mpaka fungate.

Wamarathi wana kitu kizuri zaidi, manjano anapakwa bwana harusi kwanza, yanayobaki ndiyo yanapelekwa kwa bibi harusi. Wanashirikiana bakuli kabla hawajashirikiana nyumba.

#12 Fundi Saa

Swali la kizushi. Nasikia kwa Wahindi mwanamke ndiye anatoa mahari. Wajomba zangu wakisikia hili watahamia huko.

#13 MwanaChumbageni

Siyo mahari, inaitwa *dahej*, na waambie wajomba wasihamie. Imepigwa marufuku kisheria tangu 1961, kutoa na kupokea vyote ni kosa. Lakini bado ipo, kwa jina la "zawadi", na ina damu: takwimu za polisi za India za mwaka 2022 zina vifo zaidi ya 6,000 vya wanawake vilivyohusishwa na dahej. Kwa kina Hetal haikutajwa hata mara moja. Gari jipya lilikuwepo nje lakini. Mimi nilikuwa mgeni, sikuuliza.

Ila msichanganye hilo na kitu kinachofuata, maana hiki ndicho kilichonifanya niandike uzi wote huu.

#14 MwanaChumbageni

*Mameru*. Wengine wanasema *mosalu*. Kazi ya nani? Kazi ya mama. Yaani mjomba. 😅

Siku ileile ya pithi, mchana, ndugu wa kiume wa mama yake Hetal wakaja. Walikuwepo tangu jana, walilala chumba cha juu, lakini asubuhi walitoka kwa mlango wa nyuma ili waje rasmi kwa mlango wa mbele. Wakakaa nje barabarani na masinia yao mpaka ngoma ilipoanza. Kwenye masinia: sari moja nyeupe yenye pindo jekundu, inaitwa *panetar*, ndiyo anayoolewa nayo binti. Bangili. Dhahabu kiasi. Nguo za karibu kila mtu wa upande wa baba, mpaka yule bibi mkali. Mimi mwenyewe nilipewa kitambaa, maana jina langu lilikuwa limeingizwa kwenye orodha.

Mama yake Hetal akasimama kizingitini. Siku tatu zote nilimwona kama amiri jeshi, anagombana na wapishi, anahesabu viti, anamkaripia mumewe. Sasa kaka yake mkubwa akapanda ngazi, akapakwa kanku na punje za mchele kwenye paji la uso, naye akamfunika dada yake bega kwa sari mpya. Yule mama akalia kama mtoto. Siyo kulia kwa kujifuta na ncha ya nguo. Alishika shati la kaka yake kwa ngumi mbili.

Usiku nikamuuliza mama mdogo. Akanieleza hivi: mwanamke wa zamani akiolewa, ardhi na duka la baba vinabaki kwa kaka zake. Sheria ilianza kubadilika 1956, na mali ya ukoo ndiyo binti akaja kuhesabiwa sawa na kaka zake mwaka 2005. Karne zote kabla ya hapo, fungu lake lilimfikia kwa vipande: alipozaa, watoto wake walipoolewa. Mameru ni kaka anakuja mbele ya wakwe zako wote, mchana kweupe, kusema huyu ana kwao.

Kule Junagadh, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Rajkot, wanasimulia habari za Narsinh Mehta, mshairi mcha Mungu wa karne ya 15, fukara wa kutupwa. Binti yake alikuwa na mimba, wakwe wakaandika orodha ndefu ya zawadi za mameru kwa kumkomoa, mpaka mawe wakayaweka humo. Mzee akaenda mikono mitupu, akaimba. Wanasema mungu wao Krishna akaja mwenyewe kwa umbo la mfanyabiashara, akaleta kila kitu, na mawe yakiwa ya dhahabu. Wakina mama wa Kigujarati wakifika hapo kwenye hadithi sauti zinabadilika. Kila mmoja ana hesabu yake ya nani alikuja na nani hakuja.

Mjomba huyohuyo ndiye kesho yake anamwongoza binti mpaka bandani.

#15 Mjukuu wa Kisauni

Haya sasa, na sie wajomba zetu wanadai mbuzi tu.

#16 Chifu Mstaafu

Hela zote hizo si wangejenga? Harusi siku sita, sari za watu mia. Ndiyo maana wanaishi kwa mikopo.

#17 MwanaChumbageni

@Chifu ni kweli wengine wanakopa, baba wa Hetal alikuwa na daftari na sura yake ilikuwa inasema yote. Lakini kwenye kamati zetu za harusi huku wewe hujawahi kuchangishwa? Tusirushe mawe.

#18 Bi Kirembo

Hina je? Hujagusa hina.

#19 MwanaChumbageni

Hina nitapita haraka kwa sababu hapa pwani hakuna wa kufundishwa. Kule wanasema *mehndi*. Fundi alikuja na koni zake, akamchora Hetal viwikoni mpaka vidoleni na magotini mpaka nyayo, saa tano mfululizo. Hetal hawezi kushika kitu, mimi ndiye niliyemlisha na kumshikia simu. Jina la bwana harusi linafichwa ndani ya maua na kazi ya bwana harusi usiku wa ndoa ni kulitafuta. Rangi ikikolea sana wanasema mama mkwe atakupenda. Kisayansi ni kwamba majani yana rangi inayoshika kwenye ngozi na kuendelea kuiva kwa siku mbili, kwa hiyo ukipaka jioni ya kuamkia harusi umejikosesha mapenzi ya mama mkwe bure. Limau, sukari, na uvumilivu.

Ombi langu kwa dada zangu wa pwani: ile piko nyeusi inayokauka kwa nusu saa siyo hina. Mara nyingi ni dawa ya nywele, na nimeona mikono iliyobabuka malengelenge yenye umbo la ua.

Usiku wa nyimbo na dansi jukwaani, *sangeet*, asili yake ni Punjab, sinema ndizo zilizoisambaza India nzima. Wagujarati cha kwao ni kucheza duara, garba, na nyimbo za jioni za akina mama. Na katika hizo nyimbo za akina mama ndimo nilimokuta kitu cha nyumbani kabisa.

Zinaitwa *fatana*. Ni vijembe. Mipasho, jamani! Wanawake wa upande mmoja wanakaa, wa upande wa pili wanakaa, wanatukanana kwa kuimba mbele ya wazee na hakuna anayeruhusiwa kununa. Wakwe wamekuja, wameacha kupika kwao tangu juzi ili wajaze matumbo hapa. Bwana harusi mfupi, mleteeni ngazi. Shangazi yao kavaa dhahabu ya kuazima. Yule bibi mkali aliyemfokea Hetal kwenye pithi ndiye aliyekuwa kinara. Ana sauti nyembamba kama sindano, anachagua mtu, anamtaja kwa jina, anampiga beti nne, halafu anampelekea peremende mdomoni kwa mkono wake.

Mimi nilifikiri Tanga tunajua.

#20 Kigoda cha Mbele

Kwa hiyo lengo ni nini, waanze na ugomvi?

#21 MwanaChumbageni

Nilivyoelewa mimi, wanautoa mapema. Yale ambayo mngeyasema chinichini miaka ishirini mnayaimba usiku mmoja, na mtu akijibu anajibu kwa wimbo. Sijui kama inasaidia. Inachekesha, hilo nina uhakika.

Makabila mengine yana michezo yao. Kwa Wabrahmin wa Kitamil, lile tabaka la makuhani, bwana harusi asubuhi ya ndoa anachukua mwavuli na fimbo, anajifanya ameacha dunia anakwenda Kashi, mji wao mtakatifu, kuwa mtawa. Baba wa binti lazima amkimbilie njiani kumbembeleza arudi aoe. Wabengali wanapeleka kwa bibi harusi samaki mzima kapambwa kama bi harusi, mara nyingine na kisari chake na pete puani. Nilipowaeleza hayo akina mama wa Rajkot, ambao nyama hawali, walifunika midomo.

#22 Fundi Saa

Na bwana harusi mwenyewe? Maana mpaka sasa ni kama mjumbe mwalikwa.

#23 MwanaChumbageni

Naye ana pithi yake kwao na mjomba wake. Lakini tukutane naye mlangoni. Msafara wake unafika kwa ngoma, na kabla hajaingia bandani anapokelewa na mama wa bibi harusi. Inaitwa *ponkhvu*. Mama ana vijisanamu vya mbao vya vifaa vya kazi: nira ya ng'ombe, mchi, kijiti cha kupigia maziwa, pia ya kusokotea nyuzi. Anavipitisha mbele yake kimoja kimoja. Kulima, kutwanga, kusukasuka, kusokota: nyumba ndiyo hiyo, umeiona? Kijana wa watu ni mhandisi wa programu Pune, hajawahi kushika mchi.

Halafu anamvuta pua. Kweli, anaikamata kwa vidole viwili. Kumkumbusha kwamba amekuja kuomba, asijione. Marafiki zake wanamkinga, mama anaruka, watu wanapiga kelele. Mwisho anakanyaga vibakuli viwili vya udongo vilivyofungwa pamoja, vinapasuka kwaa, na hapo ndipo anapita.

Na baada ya yote haya, kisheria bado hajaoa. Sheria ya ndoa ya Wahindu ya 1955 inasema pale ambapo hatua saba mbele ya moto ni sehemu ya mila, ndoa inakamilika hatua ya saba ikikanyagwa. Manjano, mameru, pua, vyote siku sita, havihesabiki. Ukibadilisha mawazo hatua ya sita unarudi nyumbani.

#24 Mjukuu wa Kisauni

Vipi walikupokea wewe? Maana tunasikia mengi juu ya watu weusi kule.

#25 MwanaChumbageni

Mtaani nimekutana na ya kukutana. Kupanga chumba nilinyimwa mara mbili kwa macho tu. Kwenye harusi hapana. Wageni kutoka Junagadh walinidhania Msiddi, wale watu wenye asili ya Afrika wanaoishi karibu na msitu wa Gir. Wana dansi yao wanaiita *goma*, na hilo sihitaji kuwatafsiria.

Ila niwamalizie na nani. Bibi mzaa mama, yule mwembamba wa mwanzo.

Usiku wa mameru alisikia mtu akisema natoka Tanzania. Hakuijua. Hetal akamwambia, nani, Jangbar. Hilo ndilo jina la Zanzibar kwa wazee wao. Bibi akanitazama kwa mara ya kwanza vizuri. Akainuka, akaenda, akarudi na kitambaa cha pamba kilichofungwa fundo, akakifungua mapajani kwangu.

Bangili pana ya pembe ya ndovu. Imekuwa ya njano kama jino, ina nyufa nyembamba, na upande wa ndani imelainika kwa miaka ya mkono.

Hizo ndizo zilizokuwa bangili za harusi kwa Gujarat na Kutch, upande wake wa magharibi. Pembe ya tembo wa Afrika ilipendwa kuliko ya kwao, kubwa zaidi na laini kuchonga. Zilitoka Tabora na Ujiji mabegani mwa wapagazi, zikafika Bagamoyo, zikavuka Unguja, zikapakiwa kwenda Bombay na Mandvi, bandari ya Kutch. Forodha yenyewe ya Zanzibar kwa miaka mingi ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, mtu wa Kutch. Na desturi ilikuwa mume akifa bangili za mjane zinavunjwa, kwa hiyo kila kizazi kilitaka mpya. Biashara ya pembe kimataifa ilipigwa marufuku 1989. Alizoletewa Hetal na mjomba wake zilikuwa za plastiki, nyeupe na nyekundu, zinagongana kama vifuniko vya soda.

Nani alizipata zake akiwa na miaka kumi na sita. Mkono umekonda, zinadondoka, ndiyo maana kaziweka kwenye kitambaa. Akanivalisha mimi, ikanikaa sawasawa. Akasema maneno, Hetal akatafsiri: anasema hii imetoka kwenu.

Nikamuuliza Hetal kwa sauti ya chini mbona haikuvunjwa. Akacheka. Akanionesha nje ukumbini: babu yake, *nana*, amekaa chini ya taa na gazeti, anasinzia.

#26 Bi Kirembo

Ukamrudishia?

#27 MwanaChumbageni

Nikamrudishia, akaifunga fundo palepale. Kisha akanituma jikoni nikamletee chai, sukari mbili.